Nani Kasema Wamepotea?

Tulikuwa soko la Matrah, Maskati, mimi na shangazi yangu. Shangazi kazaliwa Unguja, kahamia Omani miaka ya sabini, na ana mazoea yake: akiona mzee mweusi kakaa mlangoni pa duka, haulizi, anamwaga Kiswahili. Mara nyingi anapatia. Maskati ina watu wengi mno wenye Kiswahili chao.

Siku hiyo alikuwapo mzee mmoja mbele ya duka la nguo za kike, juu ya kigoda, ndevu nyeupe pe. Ungemkuta Likoni au Makunduchi usingemgeukia mara ya pili.

"Sabalkheri, baba. Umeamkaje? Na hili gauni lauzwaje?"

Sabalkheri aliiitikia. Mengine yakampita. Akacheka, akaweka mkono kifuani, akasema kwa Kiarabu kwamba yeye ni Bulushi, mtu wa Gwadar, pwani ya Pakistani.

"Bulushi wapi huyu," shangazi akaninong'oneza. "Hebu mwangalie."

Mimi macho yangu yalikuwa kwenye gauni. Gauni la Kibulushi huwezi kulipita hivi hivi. Ni refu, pana, na kitambaa chenyewe ni cha kawaida tu. Kazi iko kwenye vipande: kifua, mikono miwili, na mfuko. Hutariziwa mbali, miezi na miezi, ndipo vishonewe kwenye nguo. Mfuko uko mbele katikati, unaanzia kiunoni unashuka karibu na pindo. Mkono unazama humo mpaka kiwiko. Nyekundu iliyoiva, kijani, nyeusi, nyeupe kidogo, mishono midogo iliyobanana mpaka kitambaa cha chini hakionekani tena. Mzee alinipindulia nione upande wa ndani. Hakukuwa na uzi hata mmoja uliokuwa ukining'inia.

Kabla ya bei alitaka habari. Si ile ya kupita njiani. Tumetoka wapi, safari ilikuwaje, huko kwetu mvua imenyesha, wazee wazima, vyakula vinauzwaje. Alipokwisha kuuliza akatoa za kwake kwa mpangilio uleule. Baadaye nilikuja kusoma kwamba ni desturi yao, wanaiita hal: mgeni akiingia hutoa habari alizopita nazo, kwa utaratibu, na mwenyeji naye hutoa zake. Katika nchi ambayo toka kijiji hadi kijiji ni mwendo wa kutwa jangwani, mgeni ndiye aliyekuwa redio.

Tukanunua gauni. Garini shangazi akasema, "Yule ni mtu wetu. Kapotea tu."

Wiki nyingi zimepita na neno hilo halijaniachia.

Askari wa ngomeni

Sisi tuliokulia Mombasa, Mabulushi tunao. Wana msikiti wao Makadara, wamo kwenye harusi zetu na kwenye timu zetu. Habari zao tumesimuliwa kwa mstari mmoja: waliletwa na Seyyid Said wawe askari. Mwaka 1837, alipowang'oa Mazrui Mombasa, aliwatia Ngome ya Yesu. Vikosi vingine vilikaa Unguja, Bagamoyo, na huko bara kwenye njia ya misafara hadi Tabora. Burton na Speke walipokata mbuga kwenda Ziwa Tanganyika mwaka 1857, walipewa walinzi Mabulushi na Sayyid Majid, na Burton akajaza kurasa kwa kuwalaumu: wavivu, wagomvi, wapenda tumbo. Lakini Burton alimlaumu kila aliyetembea naye, kwa hiyo ushahidi wake naupokea nusu.

Picha iliyobaki vichwani mwetu ni hiyo: mtu na jambia lake na gobori lake, juu ya ukuta.

Wako waliokuja baadaye na majembe. Bonde la Usangu, upande wa Rujewa, ni Mabulushi walioanza kilimo cha mpunga wa kumwagilia enzi za Mwingereza. Makran kwao, pwani ile ya Irani na Pakistani, maji husafirishwa chini ya ardhi, kwenye mahandaki yaliyochimbwa kwa mkono kutoka chini ya milima hadi kwenye mitende. Mtu wa namna hiyo hawezi kuiona mito ya Usangu ikijiendea bure akakaa kimya.

Kitu ambacho sijawahi kujiuliza miaka yote hiyo, nikipita chini ya ngome karibu kila juma, ni kwa nini mtu aache kwao akalinde ukuta wa mtu mwingine.

Mgeni wa Khan

Inaanzia kwa mkimbizi.

Miaka ya 1780 mwana mmoja wa ukoo wa utawala wa Omani, Sultan bin Ahmed, alikosana na jamaa zake, akavuka bahari hadi pwani ya Makran, akaomba hifadhi kwa Nasir Khan, mtawala wa Kalat, dola ya Mabulushi. Kwa Mabulushi, anayeingia kwako kwa namna hiyo ni bahot, na bahot hatolewi. Watakuja wanaomtaka, utauza mifugo, utapigana, utazika watoto wako, lakini hutamtoa. Khan akampa Gwadar, kijiji cha wavuvi kilichokaa kwenye shingo ya ardhi kati ya ghuba mbili, apate cha kujikimu.

Miaka ya 1790 Sultan alirudi, akautwaa utawala wa Maskati. Gwadar hakuirudisha. Mwanawe ndiye Seyyid Said wetu.

Nilipofika hapo nilifunga kompyuta nikaenda kutembea. Nilikuwa nimesoma habari za Seyyid Said tangu darasa la sita na hakuna mahali nilipoambiwa kwamba baba yake aliwahi kuwa mtu wa kuhifadhiwa, anayekula kwa fadhila ya Mbulushi. Ukoo uliokuja kutawala Unguja ulikuwa na mguu mmoja Makran, na ndipo ulipopata askari. Nao askari hawakuwa wachache. Pwani ile mvua ni ya kubahatisha. Kuna tende Turbat na Panjgur, kuna samaki, kuna mbuzi. Mwaka tende zikikataa, kijana hana la kufanya ila kupanda jahazi na kuuza nguvu zake.

Gwadar ilibaki ya Omani hadi Septemba 1958, Pakistani ilipoinunua kwa pauni milioni 3. Yule mzee wa Matrah, kwa umri niliomkadiria, alizaliwa raia wa Sultani bila kutoka kwao.

Mistari ya watu wengine

Sehemu hii naipita upesi kwa sababu msomaji wa huku anaijua bila kuambiwa. Mwaka 1871 Mwingereza Goldsmid alichora mstari kati ya Uajemi na Kalat. Mwaka 1893 ukaja wa Durand upande wa Afghanistan. Leo ardhi ya Mabulushi iko nchi tatu: jimbo la Sistan na Balochistan nchini Irani, mji wake mkuu Zahedan, kusini mwa Afghanistan, Nimruz na Helmand, na jimbo la Balochistan nchini Pakistani, kilomita za mraba 347,190, karibu asilimia 44 ya nchi nzima. Kalat iliingizwa Pakistani Machi 1948, na tangu hapo ugomvi haujakauka. Gesi iligunduliwa Sui, ndani ya jimbo lao, mwaka 1952. Ikaenda kupika chai Karachi na Punjab, na Quetta, mji mkuu wa jimbo hilohilo, ikasubiri miongo mitatu hivi.

Muulize Mmaasai habari ya mpaka, au mtu wa Mtwara habari ya bomba. Nimemaliza.

Watu wa Halab

Tenzi za Mabulushi zinasema asili yao ni Halab, Sham. Kwamba ni uzao wa Hamza, ami yake Mtume, na kwamba waliondoka huko baada ya Karbala kwa kuwa walisimama na Husein. Wataalamu wa lugha wanasema vingine. Kibulushi ni ndugu wa Kikurdi zaidi kuliko wa jirani yake Kiajemi, na alama zake zinaelekeza kaskazini, huko karibu na bahari ya Kaspi, kabla wasemaji hawajasogea kusini-mashariki.

Niliposoma hayo nilicheka peke yangu. Ni Washirazi kabisa! Sisi na meli zetu saba kutoka Shiraz, wao na Halab yao. Kila mmoja ana mji wa mbali, wenye jina, ambao babu aliuacha kwa heshima. Hakuna aliyetoka kijiji cha jirani kwa sababu ya njaa.

Halafu kuna Wabrahui. Wanaishi katikati ya Balochistan, Kalat na kuzunguka, na lugha yao haina udugu wowote na Kibulushi. Ni jamaa ya Kitamil na lugha nyingine za kusini ya India. Hata hivyo wengi wao hujihesabu Mabulushi, na makhan wa Kalat wenyewe, wale ambao jina la Mabulushi limesimama juu yao, walikuwa wa ukoo wa Kibrahui. Wagichki nao, waliotawala Makran kwa vizazi, husimuliwa kuwa babu yao alitoka India. Leo nenda kamwambie Mgichki kwamba yeye ni Mhindi aliyepotea.

Basi nikajiona nimepata. Ubulushi ni nyumba ambayo watu wameingia kwa milango mingi, lugha si sharti, damu si sharti. Mzee wa Matrah kaingia kama alivyoingia Mgichki. Nilikuwa tayari kabisa kumpigia simu shangazi nimwambie.

Nashukuru sikupiga siku hiyo.

Maji yenye majani

Hadithi inayopendwa kuliko zote kwao ni ya Hani na Sheh Mureed, enzi za Mir Chakar Rind, zama ambazo karne ya 15 ilikuwa inageuka kuwa ya 16. Chakar alikuwa kiongozi wa Warind. Mureed rafiki yake, hodari wa upinde. Hani mchumba wa Mureed.

Siku moja wakiwa mawindoni, kiu imewashika, wakakubaliana kila mmoja aende kunywa maji kwa mchumba wa mwenzake. Mureed alipewa maji safi, baridi, tele. Akayapiga yote kwa mkupuo, tumbo likamshinda. Chakar akapewa na Hani bakuli ambalo juu yake yanaelea vipande vya majani makavu. Akawa anapuliza, anakunywa funda, anapuliza tena. Alipokasirika akaelezwa: mtu aliyetoka juani na kiu kama hiyo akinywa kwa pupa atadhurika, ndiyo maana majani yametiwa.

Hapo Chakar akamtaka Hani.

Alimpata kwa hila ya kiungwana. Katika baraza ya wanaume kila mmoja alikula kiapo. Jado akaapa kumuua atakayemgusa ndevu. Haibatan akaapa kwamba ngamia wa mtu akichanganyika na kundi lake hamrudishi. Mureed akaapa kwamba siku ya Alhamisi hamnyimi mtu akiombacho. Alhamisi ilipofika Chakar akawatuma waimbaji kwake, wakamwomba Hani. Mureed akampa. Akavaa nguo za ufakiri akaenda Makka, akarudi baada ya miaka mingi bila mtu kumtambua, hadi alipoushika upinde wake wa chuma.

Nimeisikiliza ikiimbwa, kwa suroz, kinanda chao cha kupigwa kwa upinde, sauti yake nzito ya koo. Neno silielewi hata moja na nilikaa hadi mwisho. Lakini kuna kitu kinanikereketa kwenye hadithi hii, na nadhani kingemkereketa mwanamke yeyote anayeisikiliza. Kiapo cha mwanaume kimetimia, heshima ya mwanaume imesimama. Hani kabadilisha nyumba. Aliyekuwa na akili katika wote watatu hakuulizwa.

Utenzi mwingine wa Chakar huyohuyo unasema vita vya miaka thelathini kati ya Warind na Walashari vilianza kwa sababu ya mwanamke mwenye ngamia wengi, Gohar, aliyekuwa bahot wake. Vijana wa Kilashari walichinja ndama wa ngamia zake, na Chakar akaona aliyedhalilishwa ni yeye. Makabila mawili yakamalizana kwa ajili ya kulinda mtu mmoja aliyeomba hifadhi.

Ni jambo kubwa. Ila Gohar alikuwa na ngamia na jina. Nikaanza kuwatafuta ambao hawana.

Ngazi tatu

Watafiti waliokaa vijiji vya Makran karne iliyopita walikuta watu wamepangwa ngazi tatu. Juu kabisa mahakim, wenye enzi, Wagichki wakiwamo. Katikati walioitwa Baloch, wakulima na wafugaji huru. Chini ya hao hizmatkar, watumishi: wapiga ngoma, wafua vyuma, wavuvi wengi, na wale walioitwa gulam, ambao asili yao ni utumwani, wengi kutoka pwani yetu.

Soma tena. Jina la taifa lilikuwa jina la tabaka la kati.

Kwa hiyo mlango upo, ndiyo, na Mgichki aliingia. Aliingia moja kwa moja ghorofa ya juu. Mwafrika aliyeshushwa Gwadar au Chabahar aliingia jikoni, akakaa jikoni vizazi vitatu vinne, akasahau lugha yake, akaimba Kibulushi, akazika watoto kwa Kibulushi, na bado kuna ambao hawangemwoza binti yao. Irani ilifuta utumwa kwa sheria mwaka 1929. Sheria haikupita jikoni kukagua ndoa.

Hapa ndipo nilipokaribia kukubaliana na shangazi.

Kisha nikakutana na majahazi yaliyokuwa yakienda upande mwingine.

Mwaka 1873 Sayyid Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja na biashara yake ya baharini. Vitabu vyetu vya shule huishia hapo na picha ya kanisa la Mkunazini. Ghuba lakini ilikuwa bado inataka mikono, ya kuzamia lulu, ya kukwea mitende. Mwafrika alipoanza kuwa adimu, wafanyabiashara wakageuza tanga kuelekea Makran. Miaka ya 1920 na 1930 Mabulushi wenyewe ndio waliokuwa wakitekwa, au kuuzwa kwa sababu ya njaa, watoto na wanawake wengi, wakivushwa kwenda pwani ya Omani na Ghuba.

Tunajua kwa sababu wako waliotoroka wakazifikia ofisi za Waingereza za Maskati, Sharjah na Bushehr, kuomba hati ya uhuru. Maelezo yao yaliandikwa, na mafaili hayo sasa yanasomeka mtandaoni. Ni mafupi, yamepigwa taipu na karani asiyekuwa na haraka wala huruma. Jina. Umri wa kukisia. Nilizaliwa Makran. Nilichukuliwa nikiwa mdogo. Fulani aliniuza kwa fulani. Nilipigwa. Naomba hati. Ukurasa unaofuata, mwingine. Zimo za Mabulushi na zimo za watu waliozaliwa pwani ya Afrika, faili moja, foleni moja, maneno karibu yaleyale.

Mabulushi waliolinda misafara iliyowateremsha watu wetu pwani. Mabulushi waliomiliki watumwa Makran. Mabulushi waliouzwa. Ni watu walewale, wakati mwingine vizazi viwili tu vya mbali. Ukitafuta upande safi wa kusimama unajikuta umesimama baharini.

Duara

Kuna video zinazunguka kwenye simu zetu. Watu weusi wanacheza ngoma Karachi, au Gwadar, na juu yake mtu wa huku kaandika: "Ndugu zetu waliopotea Pakistani." Zinasambaa kwa machozi na vikopa.

Ngoma yenyewe huwa ni lewa. Zumari inapanda, ngoma kubwa imesimamishwa katikati, wanaume wanazunguka duara polepole, hatua mbele, nusu nyuma, mwili unainama na kuinuka. Iko Makran, iko Karachi, iko Omani na Ghuba nzima, na nyimbo zake zimebakiza vipande vya Kiswahili ambavyo wanaoviimba hawajui tena maana yake. Nimeitazama moja labda mara kumi. Mwishoni mwa duara kuna kijana wa miaka kama kumi na tano, kavaa jezi ya Brazil, anachungulia miguu ya mzee aliye mbele yake ili asikosee. Kaikosea, kacheka, kaendelea.

Huyo kapotea wapi? Yuko mtaani kwao!

Mtaa wenyewe ukiwa Lyari, Karachi, basi yuko mahali panapojua kujisimulia. Lyari ni Mabulushi wa rangi zote, na wana wazimu wa mpira ambao mtu wa Majengo angeuelewa. Kombe la Dunia likija kuta hupakwa njano na kijani. Wana wazimu wa ngumi pia. Medali ya shaba ya Olimpiki ya Seoul 1988 ililetwa Pakistani na kijana wa Lyari, Hussain Shah. Hakuna mtu wa huku aliyeiandikia chochote wakati huo, maana ndugu aliyepotea anatufaa zaidi akiwa anapiga ngoma.

Hilo la mwisho nimeliandika kwa hasira na naliacha hivyohivyo.

Bandari mbili

Novemba 2021 watu wa Gwadar waliingia barabarani, maelfu, wanawake wakiwa wengi kiasi ambacho mji ule haujapata kuona. Bandari mpya ya Wachina ilikuwa imekwishatangazwa miaka kadhaa kuwa ndiyo ukombozi wao. Walichodai ni hiki: meli kubwa za kukokota nyavu ziondolewe baharini kwao, vizuizi vya askari vipunguzwe, maji ya kunywa yapatikane, wafanye biashara ndogo ya mpakani na Irani bila kusumbuliwa. Mwaka huohuo, mwezi Mei, gati la kwanza la bandari ya Lamu lilifunguliwa, na wavuvi wa Lamu walikuwa bado wanaulizia fidia ya shilingi bilioni 1.76 ambayo mahakama ilikuwa imeitaja mwaka 2018.

Ningetaka mtu wa Lamu na mtu wa Gwadar waketi pamoja wapeane hal. Lugha isingekuwa kikwazo kikubwa, orodha zao zinafanana mno.

Mwishoni mwa 2023 wakaja wanawake wa Turbat. Waliandamana hadi Islamabad wakiwa na picha za waume, kaka na wana waliochukuliwa wasirudi. Aliyewaongoza, Mahrang Baloch, ni daktari. Baba yake alitoweka mwaka 2009, maiti ikapatikana 2011. Julai 2024 wakaitisha mkutano mkubwa Gwadar, na barabara za kuingia zikafungwa. Watu walikwenda.

Nimezitazama sana picha za mikutano hiyo, na nakiri kwamba nilikuwa natafuta kitu: sura za jikoni, kama nilivyoziita, ziko wapi? Zimo. Gwadar ni mji wa wavuvi, na wavuvi wengi ni wa ngazi ile ya tatu. Mama mweusi aliyefunga mtandio wake, gauni lenye mfuko mrefu mbele, ngumi juu, anaitikia kaulimbiu kwa Kibulushi. Sisemi ngazi zimekwisha. Harusi ya mwanawe ndiyo itakayosema hilo. Lakini jina lile la tabaka la kati analiita lake, mbele ya bunduki, na sioni mimi wa Mombasa nina haki gani ya kumwambia kwamba kakosea nyumba.

Simu

Nikampigia shangazi hatimaye. Nikamweleza: Khan, Gichki, mafaili, Gwadar. Alinisikiliza vizuri.

"Sasa hao Mabulushi wetu wa Mombasa," nikamuuliza, "na wao wamepotea? Tuwarudishe?"

"Astaghafirullah. Wale ni watu wa Mombasa."

"Basi na yule ni mtu wa Gwadar."

"Aa, mimi nilisema tu sura yake." Kisha akaniambia gauni limembana kwapani na fundi wa kihindi anataka riali tano kulitengua, na kwamba kwa bei ile mzee angempunguzia.

Juzi nikamjaribu na rafiki yangu, Bulushi wa Makadara, tunacheza naye karata. Nilimuuliza Kibulushi anajua kiasi gani. Akahesabu kwa vidole: yak, do, se, char, panch. Hapo akakwama. Nilimuuliza kama hajapata kutamani kwenda Makran, akaone babu zake walikotoka.

"Nikafanye nini?" akasema. "Ukame tumeuona Kilifi. Toa karata."